Sinia la shakuteri kwa mkesha wa Krismasi hapa Nairobi: nimelipanga hivi, nanyi mwalipangaje?

Mpishi wa South B (mwanzisha uzi)

Wadau wa mapishi, salamu. Mwaka jana niliandaa sinia la shakuteri kwa mara ya kwanza, na ingawa wageni walinisifu kwa adabu, mimi mwenyewe nilijua kwamba nilikuwa nimeharibu. Salami ilitoa jasho la mafuta juani pale barazani, biskuti zililowa maji ya nanasi, na jibini niliyoinunua kwa pesa nyingi ilinukia viatu. Hilo la viatu nitalieleza mbele. Mwaka huu zamu ya kupokea familia imeniangukia tena, wageni 14, nami nimeona heri niandike mpango wangu mapema ili mnikosoe kabla sijafungua pochi.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe, charcuterie ni neno la Kifaransa lililotokana na maneno mawili, chair, yaani nyama, na cuit, yaani iliyopikwa. Hapo asili lilitaja duka na ufundi wa watu wanaotengeneza soseji, hemu, bekoni na nyama nyingine za kutiwa chumvi, hasa za nguruwe. Siku hizi limepanuka hata likabeba sinia zima lenye nyama hizo pamoja na jibini, matunda, njugu, achari na vitu vikavu vya kutafuna. Nyumbani kwetu tunaliita sinia baridi tu, kwa sababu hakuna kinachopashwa moto.

Kosa langu la mwaka jana, ukiacha ajali hizo ndogo ndogo, lilikuwa kulipanga sinia kwa kutazama picha. Nilitafuta kila nilichokiona pichani, hata kilichosafirishwa kwa ndege, na nilipoanza kula nikagundua kwamba nilikuwa nimerundika chumvi juu ya chumvi na mafuta juu ya mafuta, ulimi ukachoka kabla ya kipande cha tano. Nyama iliyotiwa chumvi inataka jirani mchachu au mtamu wa kuikata makali, na kwa uchachu na utamu, Nairobi ya mwezi wa Desemba haidaiwi na mtu. Kwa hiyo mwaka huu nimeanzia sokoni kwenye matunda na achari, kisha nikarudi nyuma kuchagua nyama na jibini zitakazokaa nazo vizuri.

Kanuni ninayoifuata kwa nyama ni gramu 60 kwa kila mtu, na jibini vivyo hivyo, ikiwa sinia ni la kufungulia mlo. Lakini kwa kuwa saa mbili baadaye mbuzi atakuwa ametoka kwenye makaa, nimeshusha hadi gramu 50, yaani gramu 700 za nyama na gramu 700 za jibini. Mwaka jana nilinunua mara mbili ya kiasi hicho, tukala hemu hadi tarehe 30. Aina za nyama ni nne tu: salami, hemu iliyokatwa nyembamba, biltongi (nyama iliyokaushwa) ya ng'ombe, na nyirinyiri ya kutoka Eastleigh. Nyirinyiri ni nyama ya ngamia au ya ng'ombe inayokatwa vipande vidogo mno, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, na wafugaji wa kaskazini wamesafiri nayo tangu zamani kwa sababu haihitaji jokofu. Wafaransa nao wana bata wanayempika polepole na kumfunika kwa mafuta yake mwenyewe ili akae muda mrefu, wakamwita confit. Ufundi ni ule ule, mnyama ndiye mwingine, na sioni kwa nini nimsake bata ilhali ngamia yuko umbali wa matatu mbili.

Shemeji yangu ni Mwislamu, naye atakuja na watoto wake. Kutakuwa na masinia mawili basi, kila moja na meza yake, visu vyake na koleo zake. Nimeona watu wakiweka sinia moja na kusema upande huu una nguruwe na ule hauna. Mafuta ya salami hayajui mpaka, na mgeni hapaswi kula huku akikagua.

Kwa jibini nimechukua tatu. Ya kwanza ni cheddar ngumu, ambayo siikati kwa mistari iliyonyooka. Naichoma kwa ncha ya kisu na kuizungusha kidogo hadi ibanduke mabonge yenye kingo za kukwaruza, kwa maana mabonge hayo hushika asali vizuri kuliko vipande laini. Ya pili ni jibini laini yenye ganda jeupe, na hiyo hukatwa kutoka kitovuni kwenda nje kama keki, ili kila mtu apate kiini na ganda kwa haki. Zote hutengenezwa hapa nchini, na zile za Tigoni, karibu na Limuru, zinanitosha kabisa. Ya tatu naitengeneza mwenyewe: lita 2 za maziwa halisi yakikaribia kuchemka natia vijiko 4 vya maji ya ndimu, nangoja dakika 10 yakatike, nachuja kwa kitambaa cha melikani, natia chumvi, kisha nalaza kinu juu yake usiku kucha. Hutoka takriban gramu 300. Naibingirisha kwenye majani ya dhania yaliyokatwa laini na pilipili manga iliyopondwa.

Sasa matunda, ambayo ndiyo starehe yangu. Maembe ya Makueni yameshaingia. Zipo plamu zinazouzwa kwa ndoo kando ya barabara ya kwenda Naivasha, nyekundu nje na chachu karibu na kokwa, na sijaona tunda la kigeni linalokaa na hemu kuzishinda. Pasheni naipasua na kumwaga mbegu zake juu ya jibini laini dakika ya mwisho. Komamanga hunipa rangi, na tende nazipasua ubavuni, natoa kokwa, naingiza korosho ya pwani au makadamia ya Murang'a. Asali itakuwa ya Kitui, kwenye kibakuli chake.

Nanasi halitakanyaga sinia. Mwaka jana nililipanga juu ya jibini, na baada ya saa moja jibini ikawa chungu na yenye majimaji. Baadaye nikaelewa kwamba nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini, na papai nalo lina cha kwake. Ndiyo sababu mama zetu hupaka nyama ngumu papai bichi kabla ya kuichoma. Basi nanasi la Thika litaliwa, ila kwenye bakuli lake, mbali na jibini.

Badala ya kununua biskuti za chumvi kutoka nje, nitatumia chapati. Krismasi ya Nairobi bila chapati haipo, kwa hiyo unga utakuwa umekandwa tayari. Nasukuma nyembamba bila kukunja tabaka, naipika nusu, naikata pembetatu na kuikausha kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika kama 10 hadi ivunjike kwa sauti. Nitaongeza krisi za nduma, ambazo zina ladha ya udongo mzuri, na hazilegei haraka.

Sura ya sinia itakuwa shada la Krismasi. Ua wa mtaa wetu umepandwa rozimeri, kama mitaa mingi ya hapa, nami nitakata matawi jioni ya tarehe 23 na kuyaosha mara tatu, kwa sababu ya vumbi la barabara na dawa za wadudu. Matawi hayo yatazunguka ukingo, katikati kutakuwa na kibakuli cha achari ya embe, na nyanya zile ndogo nyekundu zitakuwa kama mapambo ya mti. Tafadhali msitumie matawi ya mti wa Krismasi wenyewe wala maua mekundu ya poinsetia, ambayo utomvu wake huwasha na kuchafua tumbo. Salami naigeuza ua: nachukua glasi ndogo, napanga vipande kwenye mdomo wake, nusu ndani na nusu nje, kila kipande kikimkanyaga mwenzake, hadi mizunguko mitatu, kisha nageuza glasi kwenye sinia na kuivuta juu taratibu. Ua la kwanza huwa baya. La pili huwa zuri, na watoto hugombania kuligusa.

Nimebaki na hilo la viatu. Nilinunua ubao mzuri mweusi kwenye soko la vinyago, uking'aa kama kioo. Sikujua kwamba baadhi ya vinyago vyetu hung'arishwa kwa rangi ya viatu. Niliufuta kwa kitambaa kikavu, nikapanga jibini juu yake, na mama mkwe, ambaye huwa hasemi mengi, aliinusa, akairudisha sahani, akaniuliza kama kuna mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Mwaka huu nina ubao mpya wa mzeituni mwitu usiopakwa kitu, nami nimeanza kuupaka mafuta ya alizeti kila jioni.

Mnikosoe, hasa kuhusu ubao na kuhusu muda ambao chakula kinaweza kukaa nje.

Fundi wa Gikomba

Dada, mpango wako ni mzuri, lakini acha mafuta ya alizeti leo hii. Mafuta hayo huingia ndani ya mbao, yakakaa, yakachacha, na baada ya wiki chache ubao utanuka tena, safari hii harufu ya mafuta ya zamani ya kukaangia. Nenda duka la dawa ukaombe mafuta ya parafini ya kunywewa, yale ambayo wagonjwa hupewa ya kulainisha choo. Hayana harufu, hayachachi, na ni salama kwa chakula. Nasisitiza ni yale ya duka la dawa, kwa maana ukiagiza mtoto aende kununua parafini tu, atakuletea mafuta ya taa kutoka kituo cha petroli.

Yapashe mafuta hayo joto kwa bakuli lililo juu ya maji ya moto, uyeyushie nta ya nyuki, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, kisha upake kwa kitambaa, ungoje usiku mmoja, ufute kilichobaki juu. Na ule ubao wa zamani usiutupe. Uupige msasa namba 120 hadi weusi wote utoke, kisha namba 220 kwa kulainisha, uuoshe, uukaushe kivulini ukiwa umesimama. Ukiuanika juani utapinda kama bakuli. Kama chini ya ile rangi kuna mhugu au mvule, utakuwa umepata ubao wa kudumu. Ila harufu ikiendelea kubaki baada ya msasa, uweke ukutani kama pambo.

Jirani wa Pangani

Nasoma kwa heshima, lakini niruhusuni nitie mchanga kidogo kwenye pishi hili. Haya mambo ya sinia baridi yameingia juzi kwa picha za simu, nasi tunayakimbilia kana kwamba mji huu haukuwa na kitu. Kila jioni, kwenye vituo vya mitaa yetu, kuna mtu mwenye jiko la makaa na ubao uliochongeka katikati kwa visu vya miaka, anakata mutura vipande vidogo, anamwaga chumvi pembeni, kachumbari huku, pilipili kule, na watu wasiojuana wanasimama wakila kwa vijiti au kwa mikono. Je, hiyo si shakuteri? Na kama ni shakuteri, mbona haimo kwenye orodha yako?

Mpishi wa South B

Kaka, swali lako limenikalisha chini. Ndiyo, mutura ni shakuteri kwa kila kipimo: ni utumbo uliosafishwa na kujazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dhania na pilipili, ukachemshwa na kisha kuchomwa. Wachinjaji wa Kifaransa wana soseji yao ya damu, boudin noir, ambayo mtu akiila akiwa amefumba macho atadhani yuko kituoni Pangani, ingawa atauliza moshi umekwenda wapi.

Sababu ya kutoiweka ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mutura haikutengenezwa ili ikae. Salami hutiwa chumvi inayovuta maji kutoka kwenye nyama, ikaachwa ichachuke na kukauka kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida hutiwa pia chumvi ya naitraiti inayozuia vijidudu vya hatari na kuipa wekundu wake. Mutura haina hata kimoja cha hivyo. Ina moto tu, na moto ukishapoa, saa yake imeanza kuhesabiwa. Ya pili ni damu, ambayo kwa shemeji yangu ni haramu hata mnyama akiwa amechinjwa kihalali. Lakini umenishawishi hivi: mutura itapata ubao wake wa tatu, pale kwenye makaa ya mbuzi, na itakatwa ikiwa inatoa moshi. Huo ubao mweusi, fundi akinisaidia kuufufua, ndio utakaotumika.

Jirani wa Pangani

Hapo tumeelewana. Usisahau chumvi iwe ya mawe iliyopondwa, na isipangwe kwenye kibakuli. Iwekwe palepale kwenye kona ya ubao.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Niingilie kwenye suala la muda, kwa sababu kila Januari napokea watu ambao Desemba yao iliishia vibaya. Chakula cha aina hii kisikae nje zaidi ya saa 2, na kama kiko juani, saa 1. Nairobi si Mombasa, lakini mchana wa Desemba hufika nyuzi 25 bila shida, na bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Toa jibini ngumu dakika 30 hadi 60 kabla ya kula ili ipate ladha yake, lakini nyama ibaki kwenye jokofu hadi wageni wameketi. Kwa watu 14 mimi ningepanga nusu ya kila kitu na kujaza upya baadaye, badala ya kuweka mlima mmoja. Kilichokaa nje kikapita muda kisirudishwe kwenye jokofu kwa huruma.

Dada, hukutaja kama kuna mjamzito miongoni mwa wageni. Kama yupo, asile jibini laini yenye ganda jeupe, wala nyama baridi za kukatwa, isipokuwa zimepashwa hadi zitoe mvuke. Tatizo ni bakteria aitwaye listeria, ambaye, tofauti na wengi wenzake, huendelea kukua hata ndani ya jokofu, na mama anaweza kuhisi mafua madogo tu huku mimba ikiharibika. Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo mwaka 2017 na 2018. Chanzo kilipatikana kwenye polony, ile soseji nene ya kuliwa baridi, na watu zaidi ya 200 walifariki, wakiwamo watoto wachanga wengi. Kenya ilisimamisha uingizaji wa nyama hizo kutoka huko Machi 2018.

Kwa watoto walio chini ya miaka 5, njugu nzima na zabibu nzima ni hatari ya kukaba koo. Zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne, na zile nyanya ndogo vilevile. Asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni.

Mpishi wa South B

Nesi, umenishika. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano, nami nilikuwa nimemwekea ile jibini laini kwa makusudi, nikijua anaipenda. Nitampangia sahani yake yenye cheddar, matunda, tende na chapati kavu. Ile jibini ya ndimu je, anaweza kula?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kama maziwa yamechemshwa sawasawa, vyombo ni safi, na imeliwa ndani ya siku 2 ikiwa imekaa kwenye baridi, anaweza. Hayo majani ya dhania yaoshwe kwa makini. Majani mabichi nayo hubeba uchafu wa shambani. Ni afadhali umwekee kipande kisicho na majani.

Mwana wa Parklands

Jibini yako ya ndimu, dada, ndiyo paneer yetu, na ina faida ambayo hukuitaja. Baadhi ya jibini ngumu hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo majirani zetu Wahindu na Wajaini wasiokula nyama huwa hawazigusi mpaka wasome maandishi ya pakiti. Iliyogandishwa kwa ndimu haina tatizo hilo. Kama kuna mgeni wa namna hiyo, mpe sinia dogo lenye paneer iliyokaangwa kidogo, korosho, chevdo (ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna wa Kihindi) na achari, naye hataona kwamba amepungukiwa.

Juu ya achari nina neno moja. Usiweke aina moja tu katikati. Ile ya embe ina mafuta mengi, na ukiila pamoja na salami utarudi kwenye kosa lako la mwaka jana la mafuta juu ya mafuta. Weka pia kitu chachu kisicho na mafuta. Mimi hukata vitunguu vyekundu vyembamba kama karatasi, nikavimwagia siki iliyochemshwa na sukari kijiko 1, chumvi nusu kijiko na karafuu 2 au 3; baada ya saa moja huwa vya waridi, na hukaa kwenye jokofu wiki mbili. Watu wa pwani wangetumia ukwaju, na sidhani kama wangekosea.

Mpishi wa South B

Vitunguu nimevijaribu jana usiku. Nimekula nusu ya chupa nikiwa nimesimama mbele ya jokofu, na chapati baridi ya mchana. Achari ya embe inahamia pembeni. Katikati ya shada patakaa vitunguu.

Mgeni wa Ruaka

Naomba kuuliza kwa niaba ya sisi tusio na meza kubwa wala oveni. Nimealikwa kwa dada yangu Donholm na nimeambiwa nilete sinia. Nitalibebaje kwenye matatu mbili siku ambayo mji mzima unasafiri kwenda mashambani? Na umeme ukipotea usiku wa tarehe 23, kama ulivyopotea kwetu mwaka jana, nitupe kila kitu?

Mpishi wa South B

Mdogo wangu, usibebe sinia. Beba vitu vyake. Kila kitu kiwe kwenye mkebe wake wenye kifuniko, nyama na jibini chini pamoja na chupa za maji zilizogandishwa, matunda juu, vyote ndani ya kiondo kilichozungushiwa taulo. Chapati kavu zishike mkononi kama unavyoshika mayai. Ukifika, kupanga ni dakika 20: vibakuli kwanza, kisha jibini, kisha nyama, halafu vitu vikavu, na matunda na njugu vizibe mapengo. Oveni si lazima. Kaango kavu kwenye moto mdogo, ukigeuza mara kwa mara, hukausha chapati vizuri tu, ila usiondoke kwenda kujibu simu.

Umeme ukipotea, usifungue jokofu kuchungulia. Likiwa limefungwa hushika baridi kwa takriban saa 4. Zikipita hizo, jibini ngumu na salami nzima isiyokatwa zitavumilia, lakini hemu iliyokatwa na jibini laini usizionee huruma.

Mpishi wa South B (tarehe 27 Desemba)

Wadau, niliahidi ripoti. Masinia yaliwekwa saa kumi na moja jioni, kivulini, nusu nusu kama nesi alivyoagiza. Nyirinyiri ilikwisha ya kwanza kwenye masinia yote mawili, ikifuatwa na vitunguu vya Parklands, ambavyo shemeji aliviomba na chupa yake. Plamu na hemu ziliondoka pamoja kama nilivyotarajia. Biltongi ilibaki nyingi, maana nilinunua ngumu mno na wazee waliishia kuinyonya. Mwakani nitaikata nyembamba kinyume cha nyuzi. Ua la salami lilivunjwa na mtoto wa miaka sita aliyetaka kuona kama lina mbegu.

Jibini laini ilibaki nusu, nayo nimeitia ndani ya chapati za jana asubuhi, zikayeyuka vizuri. Wifi alimaliza sahani yake na hakunilaumu.

Ubao mweusi ulitoka mhugu kweli, fundi. Baada ya msasa ulikuwa wa rangi ya asali iliyoiva, na ile harufu ya viatu ilibadilika ikawa harufu tamu ya mti wenyewe. Mutura ilikatwa juu yake, chumvi kwenye kona, na mama mkwe alisimama hapo tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Alipokuwa akiondoka kurudi Murang'a jana, aliuliza kama nina matumizi nao mengine kabla ya Pasaka, kwa sababu wa kwake wa kukatia sukuma wiki umepasuka. Kwa hiyo, fundi, nahitaji mwingine, wa upana wa sentimita 40, usiopakwa chochote.

Fundi wa Gikomba

Njoo Jumatatu, na uje na nta yako.